Mizani ya Mnunuzi

Usiku ule wa Mpemba tulilala chini ya tela. Ukitoka Tunduma kuelekea Mbeya, mizani ya Mpemba ndiyo ya kwanza kukupokea, na sisi ilitupokea vibaya. Uzito wa jumla haukuwa na neno. Tulikuwa chini ya tani 56 ambazo sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu. Shida ilikuwa ekseli za nyuma. Mabando ya shaba yalikuwa yamesogea kwenye mashimo ya barabara ya Zambia, kati ya Serenje na Nakonde, mzigo ukaegemea nyuma, na kompyuta ya mizani haijui kubembelezwa: kilo 380 zimezidi. Hupiti mpaka mzigo usogezwe, na kusogeza bando la tani mbili si kusogeza gunia la mahindi.

Dereva wetu, ambaye njia nzima wanamwita Babu ingawa sitini hajaifikia, alitandika boksi, akajinyoosha. "Karani, lala," akaniambia. "Hii shaba ishapimwa mara ngapi? Na bado Makambako, bado Wenda, bado Mikumi, Mikese, Vigwaza. Hakuna mtoto anayepimwa kliniki kama shaba."

Nilicheka, ila usingizi haukuja. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mahali ambapo mawe ya Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo, hupimwa kwa mara ya kwanza kabisa, na pale sikuona mtu wa kucheka.

Ilikuwa Septemba 2022. Kazi yangu ni makaratasi: nakaa ofisini Kurasini, naandaa nyaraka za mizigo ya Kongo inayopita bandarini Dar es Salaam. Kwa miaka saba nilikuwa naandika neno Kolwezi karibu kila siku bila kupajua. Nikamwomba bosi anipe ruhusa niende safari moja, kwenda na kurudi. Akaniona nimechanganyikiwa, lakini akakubali.

Kwenda tulibeba salfa. Watu wengi wanajua lori hurudi na shaba, wachache wanajua linapanda na nini. Ni unga wa njano unaotokana na usafishaji wa mafuta na gesi, unashuka kwa meli pale Dar, unapakiwa, unapelekwa migodini kutengenezewa asidi ya kuyeyushia mawe. Ukilala juu ya mzigo ule macho yanawasha wiki nzima. Utingo wetu alikuwa amejifunga kanga usoni kama bibi harusi.

Njiani nilikuwa nawaza hili jina, shaba. Sisi Waswahili tunalitamka kama vile madini yenyewe yalikuwa ya kwetu tangu zamani, na kwa namna fulani si uongo. Kabla ya Mzungu yeyote kuichora ramani ya Katanga, nchi ya shaba kusini mwa Kongo, Wanyamwezi walikuwa wakienda kule kununua shaba na pembe. Mmoja wao, Msiri, alibaki huko, akawa mfalme Bunkeya, na akauawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kumchukulia mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi ile. Wapagazi wengi wa msafara huo walitoka Zanzibar, kwa hiyo hata sisi mikono yetu si misafi. Rais Mobutu alipobadilisha majina mwaka 1971 aliuita mkoa mzima Shaba, na ukaitwa hivyo mpaka 1997. Zamani shaba ya kule iliyeyushwa na kumiminwa kwa umbo la msalaba, na msalaba ule ulikuwa fedha. Yaani aliyechimba ndiye aliyetengeneza kipimo. Hilo naliacha hapa, nitalihitaji mbele.

Nje ya Kolwezi, kando ya barabara kuu, kuna soko la mawe linaloitwa Musompo. Usitegemee soko la vibanda vya nyanya. Ni safu ya maghala, wenyeji wanayaita depo, na mbele ya kila depo pana ubao wa bei ya kobalti, madini ya betri: asilimia moja, kilo ni kiasi hiki, asilimia mbili, kiasi hiki, inapanda hivyo hivyo. Wachimbaji wadogo, ambao kule wanaitwa kwa neno la Kifaransa, kreza, wanakuja na magunia kwenye baiskeli na pikipiki. Depo nyingi ni za Wachina.

Nilisimama kwenye depo moja nikiwa na kijana aliyeleta magunia matano. Mnunuzi alikuwa kijana mwenzake, kandambili miguuni, bakuli la tambi pembeni, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu: leta, mwaga, apana, kwisha. Gunia likapanda mizani. Kisha akatoa kifaa cha kupimia asilimia ya madini, chenye umbo la bastola, wanakiita Metorex, akakielekeza kwenye mawe, akasubiri, akasoma namba. Moja nukta nne. Kijana akasema jana mawe ya shimo lile lile yalisoma mbili na zaidi kwingine. Mnunuzi hakugombana, alimwonyesha kioo cha mashine. Namba iko pale, unabishana na nini?

Nilimuuliza yule kreza kwa nini asiondoke na magunia yake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Kiswahili cha Katanga kina utamu wake, naandika kama alivyosema (yaya kule ni kaka): "Yaya, mizani iko yabo, mashini iko yabo, bei iko yabo. Shiye tuko na mugongo tu."

Akauza. Pikipiki ya kumrudisha na mawe ingekula zaidi ya tofauti ya bei.

Mimi sina ushahidi kwamba Metorex ile ilikuwa imechezewa. Huenda ilikuwa sahihi kama mizani ya dhahabu. Lakini hapo ndipo penye jambo: yule kijana naye hana namna ya kujua. Nimekulia kwenye zao la kahawa, najua mkulima anavyoitazama mizani ya mnunuzi. Anaitazama kama mtu anayesoma barua asiyoijua lugha yake.

Niliporudi nikaanza kusoma kuhusu mkataba mkubwa wa nchi ile na Wachina, ule wa Sicomines, na kadiri nilivyosoma ndivyo Musompo ilivyonirudia kichwani. Mwaka 2007 serikali ya Joseph Kabila ilikuwa imetoka vitani, haina barabara, na imetangaza mipango mikubwa ya ujenzi. Benki za Magharibi hazikuwa na haraka naye. Kampuni za serikali ya China zikaja na pendekezo rahisi kueleweka: tupeni mgodi, tutawajengea barabara na hospitali, deni litalipwa na faida ya mgodi wenyewe. Mkataba ukatiwa saini Aprili 2008. Upande wa China asilimia 68, Gécamines, shirika la madini la Kongo, asilimia 32. Hesabu ya kwanza ilikuwa dola bilioni 9, sita za miundombinu na tatu za mgodi. Shirika la Fedha la Kimataifa likapiga kelele juu ya deni, na mwaka 2009 zile bilioni sita za barabara zikakatwa kuwa tatu. Kwa madini yaliyotajwa, shaba kiasi cha tani milioni 10 na kobalti laki sita na ushee, hakuna kilichopunguzwa.

Simlaumu sana Kabila kwa kukubali wazo. Watu wanaosema kubadilishana mawe kwa barabara ni upumbavu mtupu hawajawahi kusukuma lori kwenye matope ya Kongo. Fedha za madini zikipita hazina ya Kinshasa zina desturi ya kupotea. Barabara angalau haifichiki Uswisi. Kama wazo, naliona la mtu mwenye akili.

Ila tazama ulivyopangwa. Mgodi umepewa kampuni bila thamani ya mawe yale kupimwa na mtu huru. Barabara inajengwa na kampuni za nchi ile ile iliyokopesha, na bei ya kilomita anaitaja mjenzi. Jiwe linalotoka, wanakadiria wao. Lami inayoingia, wanakadiria wao. Ni Musompo, tofauti ni kwamba hapa aliyesimama na magunia yake ni jamhuri.

Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2015. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa Kongo, chini ya Jules Alingete, ukatoa ripoti yake: miaka 15 baada ya saini, miundombinu iliyolipiwa ilikuwa ya dola milioni 822. Wakaguzi walidai gharama za kazi zilitiwa chumvi na kwamba kile Kongo ilichoingiza kwenye ubia, yaani mawe, hakikuwahi kuthaminiwa ipasavyo. Wakataka kiwango cha miundombinu kipandishwe hadi dola bilioni 20. Ubalozi wa China Kinshasa ukajibu kwamba ripoti ile imejaa chuki na haiakisi ukweli. Rais Tshisekedi, aliyemfuata Kabila, akaenda Beijing mwezi Mei. Mazungumzo yakaisha Machi 2024: miundombinu hadi dola bilioni 7, kiasi cha dola milioni 324 kwa mwaka, na mrabaha wa asilimia 1.2. Hisa zikabaki vile vile, 68 kwa 32.

Kuna kifungu kimoja kwenye makubaliano mapya ambacho karani yeyote wa mizigo angekisoma mara mbili. Fedha ile ya kila mwaka inategemea bei ya shaba kubaki juu ya dola 8,000 kwa tani. Bei ikiporomoka, na barabara zinaporomoka. Nimeona watu Kinshasa wakisherehekea ile bilioni 7 kama vile tayari iko kwenye ndoo. Sasa mizani angalau imehama kutoka mezani kwa mjenzi kwenda soko la London, na hilo ni afadhali, lakini bado haiko Kolwezi.

Mjomba wangu mmoja, marehemu sasa, alikuwa fundi reli TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ukitaja Wachina mbele yake alikuwa anakaa sawa kwenye kiti. Wachina aliowajua yeye walikuja kuanzia 1970, Benki ya Dunia ikiwa imeshasema reli ile haina maana. Walilala kwenye mahema, walichimba kwa majembe pamoja na vijana wetu, wakapitisha chuma kwenye milima ya Mlimba na Makambako, na Julai 1976 wakakabidhi kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Zaidi ya sitini hawakurudi kwao. Wamezikwa Gongo la Mboto. Mkopo haukuwa na riba. Treni ya abiria ilipewa jina la Mukuba, ambalo kwa Kibemba ni hiyo hiyo shaba.

Mjomba alikuwa akisema, "Wale walikuwa ndugu. Hawa wa sasa ni wafanyabiashara." Nilimwamini kwa miaka mingi. Baadaye ndipo nikaelewa kwa nini nyumbani kwa bibi kulikuwa na chupa za chai za Kichina zenye maua, sahani za bati za Kichina, na baiskeli ya Phoenix. Gharama za ndani za ujenzi, mishahara ya akina mjomba ikiwemo, zililipwa kwa fedha iliyopatikana kwa kuuza bidhaa za China madukani kwetu. Nyerere na Kaunda walikubali kununua kiasi fulani cha bidhaa hizo, tukazitumia, na reli ikajengwa. Ilikuwa biashara tangu siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba kila mtu alikuwa anajua bei ya chupa ya chai. Bibi yangu asiyejua kusoma angeweza kukuambia kama amepunjwa.

Na kabla mtu hajaniandikia kwamba nawasema Wachina peke yao: Union Minière ya Wabelgiji, iliyoundwa 1906, ilichimba Katanga na ilikuwa na mizani zake. Gécamines wenyewe, baada ya kutaifisha, walifika takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, halafu Mobutu na watu wake wakaila mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa haitoi hata tani 20,000. Glencore ya Uswisi ilikiri mahakamani mwaka 2022 kutoa rushwa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwemo. Tenke Fungurume, moja ya migodi mikubwa ya shaba na kobalti duniani, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Wamarekani wa Freeport-McMoRan. Mwaka 2016 walielemewa na madeni yao wakaiuzia kampuni ya China, CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Hakuna aliyewafukuza. Leo Marekani inalalamika kwamba kobalti yote iko mikononi mwa China, na mimi karani wa Kurasini nashangaa: si mliiuza wenyewe?

Tenke yenyewe tuliijua kwa njia nyingine. Katikati ya 2022 mzigo wake ulisimama. Gécamines ilikuwa inaishutumu CMOC kwamba haikutaja kikamilifu akiba ya madini iliyopo ardhini, ili mrabaha uwe mdogo. Mnaona tena? Ugomvi ni wa nani anahesabu. Mwezi Julai usafirishaji ukazuiwa, na haukufunguliwa mpaka mwaka uliofuata, 2023, pande mbili zilipoelewana; CMOC ikakubali kulipa dola milioni 800 kumaliza shauri. Wakati tunapita pale Fungurume na lori letu la salfa, shaba ilikuwa inarundikana ndani ya uzio, na madereva waliokuwa na mikataba ya mgodi ule walikuwa wanacheza bao. Mmoja alimwambia Babu amekaa mpaka amejua majina ya mbuzi wa kijiji.

Nchi ya Kongo ilijifunza kitu hapo, nadhani. Februari 2025 bei ya kobalti ilikuwa imeanguka hadi kama dola 10 kwa ratili, soko limefurika, na sehemu kubwa ya furiko hilo ilitoka kwenye migodi ya CMOC. Serikali ikasimamisha usafirishaji wa kobalti yote. Ilikuwa ya miezi minne, ikaongezwa, ikaongezwa tena, na Oktoba ikaja na mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Nchi inayotoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia ilikuwa imekaa miaka yote hiyo ikisubiri bei kutoka nje, kumbe kufunga mlango tu kunatosha kubadilisha ubao.

Ofisini kwetu haikuwa sherehe. Malori yalikaa, madereva wakalipwa nusu. Nawaambia ukweli kwamba nilinung'unika kama wengine. Babu peke yake ndiye aliyesema wamefanya vizuri, na Babu ndiye aliyekuwa na watoto wawili chuoni.

Hapa kwetu tuna vya kutosha kutunyamazisha tusiwacheke majirani. Chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, kule Ludewa, vilipewa ubia na kampuni ya Sichuan Hongda mwaka 2011, 80 kwa 20, mradi wa dola bilioni 3. Nimepita njia ya Njombe mara nyingi tangu hapo. Chuma bado kimelala.

Na ile reli ya mjomba? Septemba 2025 ilisainiwa mikononi mwa kampuni ya CCECC ya China kwa miaka 30, na ahadi ya dola bilioni 1.4 za kuifufua. Upande wa magharibi Marekani na Ulaya wanasukuma ile ya Lobito, shaba ishukie Angola. Kwa hiyo wanagombania kuibeba, na kwa mtu wa biashara yetu ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Shaba ikipanda treni, Babu anabaki na salfa. Mjomba angefurahi kusikia mabehewa yanarudi. Sijui kama angeuliza nani anaandika uzito wa behewa.

Yule kreza wa Musompo tulibadilishana namba. Si mtu wa kuandika. Anatuma sauti, fupi, usiku, nyuma yake muziki wa baa. Kwa muda mrefu zilikuwa salamu tu na kuomba vocha. Juzi kati akanitumia picha. Yeye na wenzake wanne wa shimo moja walikuwa wamechanga, wakanunua mizani, ile ya kuning'iniza, ya ndoano. Kwenye picha imefungwa kwenye tawi la mwembe, gunia linaning'inia, na mmoja wao ameinama kusoma sahani kwa karibu sana, kama anayetafuta mdudu.

Nikamuuliza, na mnunuzi anasemaje?

Sauti ikaja baada ya kama dakika kumi. Alikuwa anacheka, na mtu mwingine alikuwa anacheka pembeni yake. "Yaya, alikatala siku mbili. Siku ya tatu akakubali. Kilo, sasa tunajua." Akakaa kimya kidogo, muziki ukasikika. "Bado ile mashini."